Mgeni Njoo, Mwenyeji Augue

Tangu janga la Uviko-19 litupitie, tumezoea kuyazungumzia magonjwa yanayovuka kati ya wanyama na watu kana kwamba yanasafiri katika barabara ya njia moja. Popo hutajwa, kima hutajwa, ngamia hutajwa, na mwisho wa barabara anasimama binadamu akiwa mhanga. Marburg ilipozuka mkoani Kagera mwaka 2023, na ilipothibitishwa tena mkoani humo mwaka 2025, swali nililolisikia zaidi vijiweni lilikuwa lile lile: ni mnyama gani aliyetuletea balaa hili?

Swali hilo ni halali, lakini lina pacha wake ambaye hatupendi kumwita kwa jina. Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili alimwita katika semina ya sera za umma, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuchekwa: "Mwalimu, na sisi huwa tunawaambukiza nini wanyama?" Darasa lilicheka kweli. Lakini jibu la swali lile lipo, limeandikwa, na sehemu yake kubwa imeandikwa kutoka katika ardhi yetu na ya majirani zetu. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Safari hii nyani ni sisi.

Mimi si daktari wa wanyama wala mtaalamu wa virusi. Kazi yangu ni kufundisha jinsi dola inavyopima mambo, inavyoamua, na nani hulipa gharama ya maamuzi hayo. Nimelitazama suala hili kwa jicho hilo, na hoja yangu ni moja: tathmini ya hatari ya magonjwa ya binadamu kuwafikia wanyamapori itaendelea kuwa pungufu mpaka tutakapohesabu ndani yake uwezo wa mtu maskini kusema "leo naumwa" bila kupoteza riziki yake.

Tuanze na ushahidi, ambao una umri mkubwa kuliko wengi wa wasomaji wangu. Jane Goodall alifika Gombe, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, Julai 1960. Miaka sita baadaye ugonjwa wa kupooza, yaani polio, ulizuka miongoni mwa sokwe aliokuwa akiwachunguza. Polio si ugonjwa wa msituni. Watu wa eneo jirani walikuwa wameanza kuugua kabla yao. Sokwe dume mzee, aliyepewa jina la McGregor, alipooza miguu, akawa anajiburuta kwa mikono, hadi ikaamuliwa apigwe risasi ili apumzishwe mateso. Wengine walikufa, na wengine waliishi maisha yao yote wakiwa na mkono au mguu uliolemaa. Goodall na wenzake waliagiza chanjo ya matone, wakaitia ndani ya ndizi, wakawalisha sokwe.

Ndizi zile zina fundisho ambalo sijalisahau tangu nilisome. Katika miaka hiyo ndizi ndizo zilizotumika kuwavuta sokwe kambini ili waonekane kwa karibu. Kwa kawaida sokwe hutawanyika msituni katika vikundi vidogo vidogo. Ndizi iliwakusanya mahali pamoja, karibu na watu na karibu wao kwa wao. Kitu kile kile kilituletea elimu, kikarahisisha maambukizi, kisha kikabeba kinga. Anayetafuta katika habari hii watu wema upande mmoja na wabaya upande wa pili hatawapata. Atakuta ukaribu, na gharama ya ukaribu huo.

Baada ya polio yakaja magonjwa ya njia ya hewa, na hayo ndiyo yameua zaidi. Mwaka 2006, katika Milima ya Mahale, kusini mwa Gombe kwenye ziwa lile lile, kundi la sokwe 65 hivi waliozoeshwa kuwaona watu lilipatwa na ugonjwa unaofanana na mafua makali. Wapatao 12 walikufa au kutoweka. Uchunguzi wa sampuli ulionyesha kirusi cha jamii ya metapneumo, kinachofanana na kile kinachozunguka miongoni mwa binadamu. Nchini Ivory Coast, katika msitu wa Taï, watafiti walichapisha mwaka 2008 uthibitisho kwamba virusi vya kawaida vya binadamu vilihusika katika vifo vya sokwe vya kati ya 1999 na 2006. Rwanda, mwaka 2009, kirusi cha metapneumo kilikutwa kwa gorila wa milimani waliokufa wakati wa mlipuko wa kikohozi. Uganda, katika msitu wa Kibale, mwaka 2013, sokwe 5 wa jamii yenye sokwe 56 waliuawa na rinovirusi C, ambacho kwa binadamu ni mojawapo ya visababishi vya mafua ya kawaida.

Msomaji asiipite haraka sentensi hiyo ya mwisho. Kirusi kinachomfanya mhadhiri apige chafya mbili tatu na kuendelea na kipindi chake kinaweza kuua karibu sokwe mmoja katika kila kumi na mmoja wa jamii nzima. Sisi tumeishi na virusi hivi kwa vizazi. Tunaugua utotoni, tunapona, tunajenga kinga. Sokwe hukutana navyo kama watu wa visiwa vya mbali walivyokutana na surua iliyoletwa na mabaharia. Tena sokwe jike huzaa kwa wastani mara moja katika miaka mitano hivi. Jamii inayopoteza majike watatu katika wiki mbili haipati hasara ya wiki mbili, bali ya kizazi kizima. Gombe nzima ina sokwe wasiozidi mia moja hivi. Idadi kama hiyo haina akiba ya kufidia makosa.

Sasa, tathmini ya hatari ni nini? Wanafunzi wangu hudhani ni jedwali lenye rangi ya kijani, njano na nyekundu ambalo wataalamu hulijaza katika warsha kisha huliweka kabatini. Mara nyingi huwa hivyo, lakini haikukusudiwa kuwa hivyo. Mwongozo uliotolewa mwaka 2014 na Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, kwa kushirikiana na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani unaweka hatua ambazo mtu yeyote mwenye akili timamu anaweza kuzifuata. Ni kimelea gani tunachokihofia? Kitaingiaje mahali walipo wanyama? Mnyama atakutana nacho kwa njia gani? Akikutana nacho, madhara yatakuwa makubwa kiasi gani, na kwa nani? Tufanye nini kupunguza uwezekano huo? Na katika kila hatua, ni akina nani wanaopaswa kusikilizwa na kuelezwa?

Kiini chake ni kuzidisha: uwezekano wa jambo kutokea mara ukubwa wa madhara yake. Hapo ndipo maofisa wengi hujikwaa, kwa sababu uwezekano mdogo huwafariji. Nitoe mfano wa darasani. Tarakimu ni za kujifunzia tu. Chukulia kwamba mtu mmoja kati ya 1,000 wanaoingia msituni kwa siku anabeba kirusi na anakisogeza karibu na mnyama kiasi cha kumwambukiza. Moja kwa elfu, ofisa atasema, ni hatari ndogo. Lakini wakiingia watu 12 kila siku, kwa siku 300 za mwaka, hizo ni safari 3,600. Kwa hesabu hiyo utarajie maambukizi matatu au manne kila mwaka. Uwezekano mdogo unaorudiwa kila asubuhi huacha kuwa mdogo. Na kwa kuwa sokwe wenyewe hugusana, hupukusana manyoya na kulala jirani, tukio moja linatosha.

Kwa hiyo masharti yakawekwa. Watalii wachache kwa kundi, muda usiozidi saa moja mbele ya wanyama, barakoa, kunawa mikono, na umbali ambao zamani ulikuwa mita 7 na sasa, baada ya Uviko-19, unatajwa kuwa mita 10. Aonekanaye anaumwa haruhusiwi kuingia. Masharti haya ni mazuri. Tatizo ni kwamba yanatekelezwa na binadamu mbele ya binadamu wengine, na binadamu hao hawako sawa.

Utafiti uliofanywa katika hifadhi ya Bwindi, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba sharti la mita 7 lilivunjwa karibu katika kila safari iliyochunguzwa. Watafiti wengine walipokusanya mamia ya picha za watalii na gorila kutoka mtandaoni, walikuta nyingi mno zimepigwa mtu akiwa ndani ya mita 4. Hatuhitaji elimu kubwa kueleza sababu. Tangu mwaka 2017 kibali cha kuwaona gorila nchini Rwanda ni dola 1,500 kwa saa moja. Mtu aliyelipa fedha hiyo, akaruka mabara mawili, na ameamka asubuhi koo likimwasha, ataimeza dawa ya kikohozi na kutabasamu. Na kijana anayemwongoza, ambaye mshahara wake hautoshi na anaitegemea bahashishi ya mgeni huyo kulipia ada ya mtoto, atapata wapi ujasiri wa kumwambia, "Samahani, mheshimiwa, wewe leo hutaingia," au hata, "Tafadhali rudi nyuma hatua tano"?

Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo ilizaliwa katika nyumba ambamo mgeni aliletewa kilicho bora na wenyeji wakala naye. Nchi zetu zimeifanya sera ya uchumi: mgeni aje na dola, mwenyeji apate zahanati, barabara na ajira. Sina ugomvi na sera hiyo. Ninachouliza ni kwamba katika msitu wa Mahale au wa Bwindi, mwenyeji ni nani hasa? Na je, tumemwekea utaratibu wa kumlinda pale mgeni anapokuja na ugonjwa badala ya uponyaji?

Hata hivyo, mtalii si mtu wa kulaumiwa peke yake, na si yeye anayeingia msituni mara nyingi zaidi. Mtalii huingia mara moja au mbili katika maisha yake. Wanaoingia kila siku ni askari wa hifadhi, wafuatiliaji wa nyayo, wasaidizi wa watafiti, wapishi wa kambi na wapagazi. Ukirudi kwenye hesabu yangu ya darasani utaona kwamba hao ndio wanaoijaza ile 3,600, lakini majina yao hayaonekani katika vipeperushi.

Miaka michache iliyopita, mjini Kigoma, nilikaa jioni moja na jamaa aliyekuwa akiishi kwa kubeba mizigo ya wageni katika misitu ya nchi zaidi ya moja ya Maziwa Makuu. Tulikuwa tunasubiri migebuka ikaangwe. Nilimuuliza hufanya nini akiamka na mafua siku ya kazi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Mwalimu," akasema, "kikohozi changu kina bei. Nikikitoa mbele ya msimamizi, siku hiyo silipwi. Nikikimeza, nalipwa. Wanakwambia kapumzike, lakini hawakwambii utakula nini huko unakopumzika." Akanieleza jinsi yeye na wenzake wanavyotafuna tangawizi njia nzima ili kifua kitulie wakati wa ukaguzi. Kampuni zilizomwajiri kwa kutwa sitazitaja, kwa sababu si suala la kampuni moja. Ndivyo mfumo mzima ulivyopangwa.

Kwa faida ya watumishi wa umma wanaosoma hapa, tuitazame sheria. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Nusu ya kwanza kwa mshahara kamili, nusu ya pili kwa nusu mshahara. Ni sheria ya heshima. Lakini, isipokuwa kwa baadhi ya vibarua wa msimu wanaorudi kwa mwajiri yule yule, mwenye utumishi wa chini ya miezi sita hana haki ya likizo ya malipo. Mpagazi wa kutwa, anayebadilisha mwajiri kila msafara, anadondokea katika ufa huo. Hivyo, sheria za hifadhi zinamwamuru asiingie msituni akiwa mgonjwa, na sheria ya kazi inamwadhibu akitii. Mtu aliyewekwa kati ya amri mbili za dola moja huitii ile inayomlisha.

Hilo ndilo pengo ninalolizungumzia. Nimesoma tathmini kadhaa za hatari na nimeona safu ya kimelea, safu ya mnyama, safu ya umbali, safu ya barakoa. Safu ya ujira wa siku ya ugonjwa sijaiona. Wataalamu watasema hilo ni suala la kijamii, si la kibiolojia. Lakini kirusi hakijui mipaka ya idara zetu. Kinapita pale pale ambapo mtu amelazimika kunyamaza.

Wako waliolielewa hili mapema. Mwaka 1996 gorila wa Bwindi walipatwa na upele mbaya wa ngozi. Mtoto mmoja wa gorila alifariki. Dalili zote zilielekeza kwa watu waishio pembezoni mwa hifadhi, ambako gorila walikuwa wakiingia mashambani na kukutana na nguo chakavu zilizovishwa masanamu ya kutishia wanyama. Kulikuwa na majibu mawili. La kwanza, ambalo historia ya uhifadhi Afrika Mashariki inalijua vizuri mno, lilikuwa kuwasukuma watu mbali zaidi, kujenga uzio, kuongeza askari na kuongeza faini. La pili lilikuwa kuuliza kwa nini watu hao wana upele. Dk. Gladys Kalema-Zikusoka, daktari wa wanyama wa Uganda aliyeshughulikia mlipuko ule, alichagua la pili. Mwaka 2003 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa shirika linalounganisha afya ya jamii na uhifadhi, Conservation Through Public Health. Kwa lugha nyepesi: ukitaka gorila asiwashwe, mtibu jirani yake binadamu, mpe maji, sabuni na mhudumu wa afya anayemjua kwa jina.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 kutoka vijiji vinavyopakana na msitu wa Kibale umeipa hoja hiyo nguvu mpya. Walioonekana kubeba zaidi virusi vya mafua hawakuwa wafanyakazi wa msituni wenyewe. Walikuwa watoto. Watoto hawaingii msituni kuwafuatilia sokwe. Baba zao ndio huingia. Mnyororo unakwenda hivi: darasa lenye wanafunzi wengi na lisilo na maji, mtoto, baba, msitu. Kwa maana hiyo bomba la maji na kipande cha sabuni katika shule ya msingi ya kijiji kama Mwamgongo, kinachopakana na Gombe, ni zana ya uhifadhi sawa na gari la doria. Tofauti ni kwamba gari la doria lina kifungu katika bajeti ya uhifadhi, na bomba la shule liko katika bajeti ya wizara nyingine ambayo haijawahi kuulizwa kuhusu sokwe.

Nazijua pingamizi mbili, na zote nazipokea kwa uzito wake. Ya kwanza husema: watu wanakufa kwa kukosa dawa, nawe msomi unahangaika na mafua ya sokwe? Jibu langu ni kwamba katika hoja hii hakuna hata shilingi moja inayotoka kwa mtu kwenda kwa mnyama. Zahanati, maji ya shule na ujira wa siku ya ugonjwa ni madai ya zamani ya wananchi. Ninachosema ni kwamba hata asiyejali wananchi, bali anajali dola za watalii, sasa hana budi kuyatekeleza.

Tena barabara hii ina njia mbili kwelikweli, na tunachokipeleka huweza kurudi. Homa ya manjano ilitoka Afrika ikavushwa Bahari ya Atlantiki katika merikebu za biashara ya utumwa, pamoja na mbu wake. Ng'ambo ile iliingia kwa nyani wa misituni na kuweka makao. Kati ya 2016 na 2018 mlipuko nchini Brazil uliua nyani kwa maelfu na watu kwa mamia, na kwa kuwa ugonjwa una hifadhi msituni, kuwachanja watu peke yao hakuwezi kuufuta. Karibu zaidi na siku zetu, virusi vya Uviko-19 viliingia kutoka kwa wafugaji kwenda kwa minki, wanyama wadogo wafugwao kwa manyoya yao, vikabadilika humo na kurudi kwa watu. Novemba 2020 serikali ya Denmark iliamuru waangamizwe wote, zaidi ya milioni 15. Nchini Marekani virusi hivyo hivyo vimewaingia kulungu wenye mkia mweupe mara nyingi, kutoka kwa binadamu. Kila mnyama tunayemwambukiza huweza kuwa ghala la ugonjwa tuliodhani tumeumaliza.

Pingamizi la pili husema: basi tufunge misitu, wasiingie watalii wala watafiti. Hilo nalo lilijaribiwa bila kukusudiwa. Mwaka 2020 Uganda iliposimamisha utalii kwa sababu ya janga, gorila dume maarufu wa Bwindi aliyeitwa Rafiki aliuawa na majangili mwezi Juni. Utafiti ule ule wa Taï uliothibitisha kwamba binadamu wamewaambukiza sokwe ulionyesha pia kwamba uwepo wa watafiti na watalii umewalinda dhidi ya majangili. Macho yetu yanawalinda, pumzi yetu inawaua. Huwezi kupeleka macho ukaacha pumzi nyumbani. Ndiyo maana kazi ni kupima, na kupima kwa haki, si kufunga mlango na kujisifu.

Nini kifanyike? Nchi yetu imeanza vizuri katika karatasi. Tangu mwaka 2018 tunalo Dawati la Afya Moja chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, linalopaswa kuziketisha meza moja sekta za afya, mifugo, wanyamapori na mazingira. Napendekeza kiti kimoja kiongezwe kwenye meza hiyo, nacho ni cha kazi na ajira. Kisha mambo manne yaanze kufanyiwa kazi.

Kwanza, iwe sharti la leseni kwamba kila kampuni au mradi wa utafiti unaopeleka watu karibu na sokwe ulipe ujira kamili kwa yeyote anayejitangaza mgonjwa, hata awe kibarua wa siku moja. Huko Taï watafiti waliweka karantini ya siku kadhaa kabla ya mtu kuingia msituni. Karantini bila malipo ni njaa yenye jina la kitaalamu. Pili, mtalii anayetangaza ugonjwa arudishiwe fedha yake au apangiwe siku nyingine bila gharama. Leo tunamlipa kwa kudanganya na kumtoza faini kwa kusema kweli. Tatu, sehemu ya mapato ya utalii wa sokwe iende moja kwa moja kwenye chanjo, zahanati na maji ya shule katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, na ihesabiwe kuwa matumizi ya uhifadhi, wala si sadaka. Nne, tathmini zote za hatari ziandikwe pia kwa Kiswahili na kubandikwa katika ofisi za vijiji. Siyo haki kumpima mtu kama chanzo cha hatari katika lugha asiyoisoma.

Kwa wanaharakati nina neno moja. Tumezoea kuigawa migogoro ya hifadhi katika kambi mbili, ya watu na ya wanyama, kisha kila mmoja anachagua kambi yake. Katika suala hili mgawanyo huo hausaidii. Yule mpagazi anayetafuna tangawizi ili asikohoe na yule sokwe atakayeugua wiki ijayo wanaumizwa na mpango mmoja wa kazi. Anayetaka kumtetea mmoja wao atajikuta amemtetea na mwingine, apende asipende.

Na kwako, mwanafunzi uliyeuliza swali lililochekesha darasa: tunawaambukiza polio, mafua, upele. Orodha unaweza kuimalizia mwenyewe maktaba. Ukimaliza, rudi utufundishe sehemu iliyobaki, ambayo vitabu vya virusi haviigusi: katika kila mlipuko ulioorodheshwa, ni nani aliyejua mapema kwamba anaumwa, na nini kilimfunga mdomo?